Risiti ya elfu 41 na mia 9: wauza kuku na baga wanatushikaje?

Dada wa Buzuruga, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi mambo. Swali lako nimelisoma mara mbili na zile picha mbili, ya risiti na ya ubao wa bei, nimezivuta nikaziangalia vizuri, sasa nakujibu kwa urefu maana umeuliza vitu vingi kwa mpigo.

Kwa wengine wanaosoma, dada anauza vitenge Makoroboi hapa Mwanza, ana watoto wawili, mkubwa miaka 9 na mdogo 4. Jumapili wakitoka kanisani wanapitia mjini kwenye mgahawa mmoja wa kuku wa kukaanga na baga, jina tunaliacha, anaingia akiwa amejiwekea elfu 20 isizidi, anatoka amelipa 41,900 na kikombe cha plastiki mkononi, baba watoto analalamika. Yule mdogo hajui kusoma hata herufi ila nembo ya ule mgahawa akiiona tu kwenye dirisha la daladala anaanza kelele. Jirani kamwambia wale watu wanachezea akili za watu kwa rangi nyekundu na njano, na kwamba kwenye matangazo yao kuna picha za siri zinapita haraka, macho hayazioni ila ubongo unazidaka. Dada anauliza ni kweli? Na wanatushikaje hasa? Alafu mwezi ujao ni bethidei ya mdogo, kuna ofa, aichukue au aachane nayo.

Tuanze na jirani tumalizane nae. Hiyo habari ya picha za siri ina mwenyewe. Mwaka 1957 kule Marekani jamaa mmoja wa mambo ya masoko, James Vicary, alitangaza kwamba kwenye ukumbi wa sinema mji wa Fort Lee, New Jersey, alipitisha kwenye skrini maneno ya kuwaambia watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuyakamata, na eti mauzo ya bisi yakapanda zaidi ya asilimia 57 na ya Coca-Cola asilimia 18.1. Watu walishtuka, magazeti yakaandika, wanasiasa wakapiga kelele. Mwaka 1962 Vicary mwenyewe akakiri kwamba ulikuwa ujanja wa kuitafutia kampuni yake wateja na takwimu alizokuwa nazo hazikutosha kusema chochote. Kwaiyo hiyo ni fiksi ya zaidi ya miaka 60 na bado inatembea mpaka Buzuruga.

Rangi nayo inapewa sifa kubwa kuliko kazi yake. Nyekundu na njano zinaonekana kwa mbali hata hiace ikiwa inakimbia, bango linasomeka, na kwa kuwa makampuni makubwa ya zamani yalizitumia basi kila anaefungua kibanda cha chipsi nae anapaka hivohivo ili mtu ajue hapa kuna chipsi. Basi. Ingekuwa nyekundu peke yake inaleta njaa, Barabara ya Nyerere pale mjini ingekuwa hatari, maana maduka kibao yamepakwa nyekundu na makampuni ya simu na ya soda na sijawahi kuona mtu kaingia kununua vocha akatoka anatafuta paja la kuku.

Sasa kinachofanya kazi ni vitu vya kawaida sana, na ndo maana hatuvioni. Wale watu hawahangaiki kukuaminisha kwamba kuku wao ni mtamu, hilo unalijua, kuku wa kukaanga ni mtamu hata akikaangwa stendi ya Igoma. Wanachohangaika nacho ni kwamba we ukifika kaunta uwe na njaa, uwe na haraka, uwe umechoka kufikiria, na jibu la kwanza linalokujia kichwani liwe ni lile ambalo wao walishaliandaa siku nyingi. Mi kazi yangu ni hiyo, nimetengeneza menyu na mabango na hizo sentensi za kaunta kwa ajili ya migahawa hapa Mwanza, kwaiyo nikikwambia limeandaliwa ujue limeandaliwa kwelikweli, watu wamekaa kikao. Ukilielewa hilo risiti yako yote inasomeka, tuipitie.

Juu kabisa kuna saa. Saa saba na dakika ishirini mchana, Jumapili. Watoto wamekaa ibada nzima, asubuhi walikunywa chai tu, jua la Mwanza unalijua. Na kabla hujaona hata bango harufu imeshakufikia, kwa sababu mashine za kukaangia wanapenda ziwe karibu na upande wa mlango. Hii wala haijatoka Marekani, kila muuza chipsi wa Mabatini na Kirumba anaijua, ndo maana kabati la vioo liko mbele barabarani, kuku wamening'inizwa, balbu imewashwa hata mchana. Lile kabati na ile balbu vinafanya kazi ileile ya taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza kule ziwani, dagaa hawaambiwi njooni, wanaona mwanga wanasogea wenyewe. Alafu kuna ile meseji ya WhatsApp umesema inaingia kila Jumamosi jioni na picha ya kuku. Namba yako waliipataje? Uliwapa pale kaunta walipokwambia tukuunge kwenye ofa. Inakuja Jumamosi jioni kwa sababu muda huo watu ndo wanapanga Jumapili itakuwaje, na watoto wakishaiona kwenye simu ya mama kesho yake mjadala umeisha. Ukitaka waache, waambie waache, tena una haki hiyo kisheria, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ukikataa kutumiwa matangazo inabidi waache.

Mstari wa kwanza, kombo ya familia 28,900. Hapa ndo penyewe. Kwenye ubao kuna kombo tatu juu kabisa na mapicha makubwa. Ya mtu mmoja 12,900, vipande viwili vya kuku, chipsi, soda. Ya wawili 26,500, vipande vinne, chipsi mbili, soda mbili. Ya familia 28,900, vipande sita, chipsi mbili, soda tatu. Sasa chukua kalkuleta kwenye simu, kombo mbili za mtu mmoja ni 25,800. Yaani ile ya wawili ni ghali kuliko kununua ya mtu mmoja mara mbili, na ndani kuna vitu vilevile! Wengi wakigundua wanadhani aliechapisha ubao kakosea. Hajakosea. Ile ya wawili haikuwekwa ili inunuliwe, imewekwa ili ukitoka kuiangalia ukaangalia ya familia useme aah, kwa elfu mbili na mia nne tu naongezewa vipande viwili na soda, si bora hii. Huu mchezo ulishaandikwa na watafiti tangu 1982, Joel Huber, John Payne na Christopher Puto, walionyesha kwamba mtu akiwa na vitu viwili vya kuchagua, ukimletea cha tatu ambacho ni kibovu kuliko kimojawapo, anahamia kwenye kile kilichokizidi kile kibovu, hata kama mwanzo alikuwa hana mpango nacho. We ulikuja na mpango wa elfu 20, ukakuta umesimama unalinganisha 26,500 na 28,900, elfu 20 yako haipo tena kwenye mazungumzo.

Na iko wapi? Iko chini ya ubao, maandishi madogo, hata picha hayana. Kipande cha kuku 3,500, chipsi 4,000, soda 1,500. Mlikuwa watatu, wawili ni watoto. Vipande vitatu 10,500, chipsi moja ya kugawana 4,000, soda tatu 4,500, jumla elfu 19. Ilikuwepo muda wote. Ila kuipata inabidi usome maandishi madogo, ujumlishe mwenyewe, uitamke kitu kwa kitu mbele ya foleni, wakati kombo unanyoosha kidole tu unasema hiyo. Sijui kama unanielewa, punguzo lao ni la kweli kabisa, ukinunua vile vitu vya kombo ya familia kimojakimoja inakuja 33,500, kwaiyo wamekupunguzia 4,600, hamna aliekudanganya. Shida ni kwamba umepunguziwa kwenye vipande vitatu na chipsi ambazo hukuwa unazitaka, na umesema mwenyewe mlibeba mabaki nyumbani yakawa ya baridi hakuna alieyagusa.

Hiyo 900 ya mwisho ni ya zamani kuliko sote, jicho linashika namba ya mbele, 28 inasikika mbali na 29 wakati tofauti ni mia. Mia yenyewe ya chenji wanakupa pipi.

Mstari wa pili, kuongeza saizi 1,500. Dada wa kaunta alikuuliza soda tukuwekee kubwa kwa mia tano tu? Ukasema sawa, zikawa tatu, buku jero limeondoka. Asili ya hii nayo inachekesha kidogo. Kulikuwa na mzee mmoja David Wallerstein alikuwa anasimamia kumbi za sinema kule Marekani, akawa anajiuliza kwanini watu hawarudi kununua pakiti ya pili ya bisi, akagundua ni aibu, mtu anaogopa kuonekana mlafi. Akaleta pakiti moja kubwa zaidi, watu wakanunua bila shida yoyote, maana pakiti ni moja bado. Baadae akaingia kwenye bodi ya McDonald's, ile migahawa ya baga ya Marekani, na akaanza kumsumbua Ray Kroc, yule aliekuza ile kampuni, wauze chipsi za saizi kubwa. Kroc akawa anabisha, mtu akitaka chipsi zaidi si anunue pakiti mbili! Wallerstein akashinda, na leo uko Mwanza unaulizwa kubwa. Kwa mwenye biashara soda ya kwenye mashine ni maji, sharubati na gesi, kujaza kikombe kikubwa badala ya kidogo hakumgharimu kitu cha maana, kwaiyo ile mia tano karibu yote ni faida. Kuku ndo anamuuma, kuku ana bei, chakula cha kuku kimepanda. Ndo maana hata siku moja hutasikia unaulizwa tukuongezee kipande kwa mia tano.

Alafu angalia swali lenyewe lilivyo. Hakuuliza unataka saizi gani, ungefikiria. Amekuuliza kitu ambacho jibu jepesi ni sawa, na kusema hapana inabidi useme kwa sauti mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yako, baadhi labda mnasali wote. Sisi watu wa huku hatupendi kuonekana tunabana hela mbele za watu, hasa tukiwa na watoto, na hilo wanalijua vizuri mno. Usimchukie yule binti lakini, amepewa malengo ya siku, asipouliza anaulizwa yeye.

Mstari wa tatu, boksi la mtoto 9,500, lile lenye mdoli. Hapa ndo nakuomba utulie kidogo maana ni ishu kubwa kuliko hela. Boksi la namna hii McDonald's waliliingiza sokoni Marekani nzima mwaka 1979 na wenzao wakaiga. Sisi Tanzania McDonald's hatuna, KFC, wale wa kuku wa Kentucky, walifungua Dar 2013, ila ujanja hauhitaji tawi, umeshasambaa wenyewe, migahawa ya watu wa hapahapa inalo boksi na inao mdoli na kona ya kuteleza. Mtoto wa miaka 4 mara nyingi hawezi kutofautisha tangazo na katuni, kwake vyote ni rafiki anaemwongelesha. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watoto 63 wa miaka 3 mpaka 5, wakawapa chakula kilekile mara mbili, kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya McDonald's kingine kwenye karatasi tupu, wakawauliza kipi kitamu. Kwa sehemu kubwa watoto wakachagua cha kwenye nembo, na humo ndani kulikuwa na karoti na maziwa! Karoti ni ileile, nembo ndo iliyobadilisha ladha mdomoni. Na watoto ambao kwao kuna televisheni nyingi ndo walivutwa zaidi. Kwaiyo mdogo wako anavyopiga kelele kwenye daladala hakuigizii, anaisikia ile ladha kweli.

Kuna utafiti mwingine wa 2009, wa Jennifer Harris na wenzake, watoto waliwekewa katuni huku wana biskuti mezani, kundi moja katuni ikiwa na matangazo ya vyakula, jingine matangazo ya vitu vingine. Wale wa matangazo ya vyakula walikula asilimia 45 zaidi. Na biskuti zile hazikuwa zimetangazwa hata. Hii inaniambia kwamba tangazo la chakula linaamsha mkono tu, uende kwenye chochote kilichopo karibu, kwaiyo kama kwako televisheni inawaka muda wote wa kula hilo ni la kuanza nalo kabla ya kugombana na mgahawa.

Serikali nyingine zimeliona hili. Jimbo la Quebec kule Kanada walipiga marufuku matangazo ya biashara yanayolenga watoto chini ya miaka 13 tangu 1980. Chile sheria yao ilianza kazi 2016, vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango vinawekewa alama nyeusi, na haviruhusiwi kuwa na midoli wala vikatuni. London wameondoa matangazo ya vyakula vya hivi kwenye treni na mabasi ya mji tangu 2019. Ila kanuni ikiwa legelege wanapita pembeni, mji wa San Francisco ulisema mdoli usitolewe bure na chakula kisichofikia vigezo vya lishe, sheria ikaanza Desemba 2011, McDonald's wakasema sawa hatutoi bure, wakaanza kuuza mdoli kwa senti 10. Nilicheka siku nilipoisoma hiyo, ila ukiwa mzazi haichekeshi.

Ais krimu 2,000 mstari wa mwisho tuiruke, joto lile hata mimi ningenunua.

Sasa kuna kitu ambacho risiti haikionyeshi na kwa Mwanza nadhani ndo kikubwa kuliko vyote. Kule Marekani hivi vyakula vinauzwa kwa mtu mwenye haraka na hela ndogo. Huku kwetu ni kinyume, hela ndogo unaenda kwa mama ntilie unapata ugali dagaa na maharage juu unashiba mpaka jioni. Kuku wa kwenye boksi huku ni kutoka, ni mtoko. Angalia matangazo yao vizuri, utaona familia imevaa vizuri, baba anacheka, kiyoyozi, ukuta una maandishi ya kupigia picha, na mastaa na machawa wao wanaposti wakiwa pale. Kuku mwenyewe kwenye tangazo anaonekana sekunde mbili. Wanachokuuzia ni kwamba we ni mama anaewapa watoto wake Jumapili nzuri. Na we unaetoka Makoroboi wiki nzima umepigwa jua, unabishana na wateja, ukifika pale unastahili kukaa kwenye kiti kizuri watoto wakuone mama yao anaweza, hiyo hamu si ujinga hata kidogo. Wajapani walifanyiwa kubwa kuliko hii, mwaka 1974 KFC ya Japani ilianza kampeni ya kuwaambia watu Krismasi ni kuku wa Kentucky, nchi ambayo Wakristo ni wachache sana, na mpaka leo watu wanaweka oda mapema Krismasi wapate boksi. Ukishaweza kuifunga bidhaa yako na siku fulani, siku yenyewe inakutangazia bure. Wewe umefungiwa Jumapili baada ya ibada. Sato wa Mwaloni hana bango, hana kikombe cha plastiki, hana kona ya kuteleza, ndo maana mtoto wa Mwanza analia kuku wa boksi wakati ziwa analiona dirishani.

Uliuliza pia kuhusu picha, kwamba baga kwenye bango imenona, ya kwenye sahani imelala kama imekaliwa. Picha za chakula zina mafundi wake, wanachagua mkate mmoja mzuri kati ya mingi, nyama inapakwa mafuta ing'ae, vitu vyote vinasogezwa mbele upande wa kamera. Zamani ilikuwa hatari zaidi, Campbell's wauza supu wa Marekani mwaka 1970 waliingia matatani na mamlaka ya biashara kwa sababu kwenye matangazo yao supu iliwekewa goroli za kioo chini ya bakuli ili mboga zielee juu zionekane nyingi. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji na kuna Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Baga kulala kidogo sidhani kama utafika mbali. Ila bango likisema vipande sita ukapewa vitano, au ofa inatangazwa kila wiki na kila ukienda imeisha, hiyo peleka, na risiti uitunze.

Cha kufanya sasa. Sikwambii usiende, watoto watakuona adui na hela utaitumia kwingine. Amua ukiwa nyumbani, kabla ya ibada, ukiwa umekunywa chai. Andika kwenye simu, vipande vitatu, chipsi moja, soda tatu, elfu 19. Ukifika usiangalie ubao, unasoma simu yako. Watoto wakae mbali na kaunta, mkubwa ashike meza na mdogo, maana foleni imepitishwa makusudi mbele ya ile kabati ya midoli. Kama boksi la mtoto ndo haliepukiki basi liwe badala ya kitu, lisiwe juu ya kombo, yaani boksi 9,500, vipande viwili 7,000, chipsi 4,000, soda mbili 3,000, inakuja 23,500, bado uko chini ya ile risiti kwa elfu 18 na mia 4. Ukiulizwa kubwa, sema hapana asante dada, uendelee na oda, usitoe maelezo, ukianza kujieleza umekwisha. Na wape watoto ndizi au mahindi ya kuchoma wakitoka tu kanisani, mtu aliekwisha kutuliza njaa ni mteja mbaya kweli kwa hawa jamaa. Baba watoto nae mwambie aje, wanaume wa kulalamikia risiti wasiokuwepo kaunta nawafahamu.

Tumalizie bethidei. Umesema ofa ni elfu 12 kwa mtoto, kuanzia watoto 10, keki bure. We ulipanga kualika watoto 6. Boksi lenyewe siku za kawaida ni 9,500, kwaiyo kwenye ofa kila mtoto ameongezewa 2,500, hilo la kwanza. La pili, ili upate keki ya bure inabidi utafute watoto wengine wanne, jumla laki na ishirini. Chukua njia nyingine, watoto 6 kwa boksi la kawaida ni 57,000, keki umesema fundi wako wa Nyakato anakufanyia kwa elfu 35, jumla 92,000. Ile keki ya bure imekuzidishia elfu 28, na keki yenyewe huijui ukubwa. Bado hatujahesabu kwamba watoto 10 wanaletwa na watu wazima, mama wa watu hakai masaa mawili anaangalia tu wengine wanakula, atanunua soda au utamnunulia wewe, na hao watu wazima ndo faida ya ile ofa, watoto ni mlango.

Kwaiyo waalike sita wako. Kama mdogo anataka palepale basi piga simu wiki hii uulize kama wanaruhusu keki ya nje, kuna sehemu wanatoza hela ya kisu na sahani, na wakikubali waambie wakuandikie kwenye WhatsApp hiyohiyo wanayokutumia picha za kuku, ili siku ya siku usibishane na mlinzi mlangoni umeshika keki na watoto sita wanakuangalia.